Foleni Pepe na Mfuko wa Mgeni: Kupanga Matumizi katika Bustani za Burudani

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji atakuwa na uwezo wa:
(a) kueleza foleni pepe ni nini na aina zake;
(b) kutambua kwa nini bei ya mlangoni si bei ya siku nzima;
(c) kukadiria gharama kamili ya matembezi kabla ya kuondoka nyumbani;
(d) kuamua, kwa hesabu na wala si kwa hofu, kama kulipia njia ya haraka kunamfaa.

Utangulizi

Zipo familia za Afrika Mashariki ambazo zina ndugu wanaoishi Ulaya, Marekani, Oman au Falme za Kiarabu. Mtoto anapokwenda kuwatembelea wakati wa likizo, mara nyingi huahidiwa siku moja katika bustani kubwa ya burudani: Disneyland iliyo karibu na Paris, Walt Disney World iliyoko Florida, Ferrari World ya Abu Dhabi, au bustani za Dubai. Siku hiyo huwekewa akiba kwa miezi mingi. Kwa baadhi ya wazazi ni safari ya mara moja maishani.

Akiba hiyo aghalabu hupimwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni kiingilio. Mzazi huzidisha bei ya tiketi kwa idadi ya watu, akaongeza kidogo kwa ajili ya chakula, akaona mambo yametimia. Akifika ndani hukuta kwamba simu yake inamwuliza kila baada ya muda kama angependa kulipa zaidi ili asisubiri. Uamuzi ambao ungetakiwa kufanywa nyumbani, kwa utulivu, huangukia wakati jua ni kali, watoto wamechoka na ubao unaonyesha kwamba foleni ni ya saa mbili.

Somo hili linahusu uamuzi huo. Hatukusudii kumkataza mtu starehe yake. Tunakusudia aijue bei yake yote kabla hajailipa.

Foleni pepe ni nini?

Msomaji aliyekwenda benki akachukua namba kwenye mashine, kisha akakaa kwenye kiti akisubiri namba yake iitwe, ameshajua nusu ya jambo hili. Nafasi yake katika foleni inalindwa na namba, wala hana haja ya kusimama nyuma ya mtu. Foleni pepe ya bustani ya burudani huendeleza wazo hilo: namba huwa ndani ya simu au katika bangili ya mkononi, na mgeni huruhusiwa kuzunguka bustani nzima mpaka zamu yake ifike.

Tofauti kubwa iko katika mazingira ya kusubiria. Katika benki mteja husubiri kwenye kiti. Katika bustani ya burudani husubiri katikati ya maduka, migahawa na vibanda vya vinywaji. Tunamwomba msomaji aikumbuke tofauti hii, kwa kuwa ndiyo msingi wa somo zima.

Historia fupi

Disneyland ya Anaheim, California, ilifunguliwa Julai 1955. Katika miaka yake ya mwanzo mgeni alilipa kiingilio, kisha akanunua kitabu cha tiketi zilizopangwa kwa herufi. Michezo midogo ilikuwa ya herufi A. Tiketi ya herufi E, iliyohusu michezo mikubwa na ya kuvutia zaidi, iliongezwa mwaka 1959. Kila mchezo ulikuwa na bei yake, na kila mtu aliiona.

Utaratibu huo uliachwa mwaka 1982. Tangu hapo mgeni alilipa kiingilio kimoja akapanda apendacho. Lakini viti vya mchezo unaopendwa havikuongezeka kwa sababu ya mabadiliko hayo, na kitu kisichogawanywa kwa bei hugawanywa kwa njia nyingine. Njia hiyo ikawa ni kusubiri. Aliyekuwa tayari kusimama saa moja alipanda, na asiyekuwa tayari alipita.

Mwaka 1999 Walt Disney World ilianzisha FastPass. Mgeni aliingiza tiketi yake kwenye mashine, akapewa karatasi inayotaja saa ya kurudi. Akirudi ndani ya muda huo alipitia mlango wa pembeni wenye foleni fupi. Huduma hiyo ilikuwa ya bure. Ilitumika pia katika mchezo uitwao Kilimanjaro Safaris, uliomo katika bustani ya Animal Kingdom, ndani ya kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, jina lililotoka kwenye neno letu “harambee”.

Mwaka 2001 kampuni ya Uingereza iitwayo Lo-Q ilianza kutoa kifaa kidogo cha kushika foleni katika bustani ya Six Flags Over Georgia, na mgeni alikikodi kwa fedha. Hapo ndipo nafasi katika foleni ilipoanza kuzoeleka kuwa bidhaa yenye bei yake. Mwaka 2013 Walt Disney World ilianza kutumia bangili iitwayo MagicBand, ambayo ilifungua chumba cha hoteli, ikahifadhi miadi ya foleni, na pia ikalipia ununuzi. Mwaka 2017 bustani ya maji ya Volcano Bay, mjini Orlando, ilifunguliwa na bangili yake iitwayo TapuTapu, inayoshika foleni na kulipa vilevile.

FastPass ya bure haikurejea baada ya bustani hizo kufungwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona. Oktoba 2021 Walt Disney World ilianzisha Genie+, kwa dola 15 kwa mtu mmoja kwa siku, huku michezo michache inayopendwa zaidi ikiuzwa peke yake, kila mmoja kwa bei yake. Mwaka huohuo Disneyland Paris nayo iliacha FastPass ya bure na kuanza kuuza Premier Access, kwa euro 8 hadi 15 kwa kila mchezo. Oktoba 2022 bei ya Genie+ ilianza kubadilika kulingana na siku. Mwaka 2024 huduma hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa Lightning Lane Multi Pass, na mwishoni mwa mwaka huo ikaongezwa ya ngazi ya juu, Premier Pass, ambayo huko Florida ilitangazwa kwa dola 129 hadi 449 kwa mtu mmoja kwa siku, mbali na kiingilio. Kwa familia ya watu watano, bei hiyo ya juu ni dola 2,245 kwa siku moja.

Mwenendo wa historia hii uko wazi. Bei ya mchezo mmoja mmoja, iliyoondolewa mwaka 1982, imerudi kwa kupitia foleni. Zamani mgeni aliiona kwenye kitabu cha tiketi kabla hajaingia. Sasa mara nyingi huiona kwenye simu akiwa ndani tayari.

Aina tatu za kusubiri

Mlaji atakutana na aina tatu, na ni muhimu asizichanganye.

Ya kwanza ni foleni ya kawaida. Haina malipo ya ziada. Gharama yake ni muda na miguu.

Ya pili ni foleni pepe ya bure. Mfano mashuhuri ni mchezo wa Star Wars: Rise of the Resistance, uliofunguliwa Florida mwezi Desemba 2019. Kwa muda mrefu haukuwa na foleni ya kawaida. Wageni waliomba kundi la kupandia kupitia simu, na nafasi ziliisha upesi. Kwa aina hii, asiye na simujanja yenye chaji na mtandao amebaki nyuma hata kama ameamka mapema.

Ya tatu ni foleni ya kulipia. Wengine huiita ya haraka, wengine ya kipaumbele. Universal huuza Express Pass; bustani za Falme za Kiarabu nazo zina tiketi zao za namna hiyo. Kwa kawaida bei yake hupanda siku za sikukuu na likizo za shule, yaani siku zilezile ambazo familia nyingi huweza kusafiri.

Je, foleni ya haraka hupunguza kusubiri?

Humpunguzia aliyelipa. Viti haviongezeki. Tuchukue mfano wa kukisia, wenye namba nyepesi.

Mchezo mmoja unabeba watu 1,200 kwa saa. Mbele yako katika foleni ya kawaida wako watu 600. Kama viti vyote ni vya foleni hiyo, utasubiri nusu saa. Sasa tuseme mwenye bustani ametenga viti 900 vya kila saa kwa ajili ya waliolipa. Foleni ya kawaida inabakiwa na viti 300 kwa saa. Watu walewale 600 walio mbele yako sasa watahitaji saa mbili.

Ni haki kusema kwamba waliolipa, kama wasingelipa, baadhi yao wangekuwa nao katika foleni ya kawaida, na foleni hiyo ingekuwa ndefu zaidi. Hivyo mfano huu hauthibitishi kwamba jumla ya muda wa kusubiri kwa watu wote imeongezeka. Unathibitisha jambo dogo zaidi lakini lenye uzito: muda aliookoa aliyelipa haukutengenezwa na teknolojia, bali umehamishiwa kwa asiyelipa. Kadiri wanaolipa wanavyoongezeka, ndivyo foleni ya kawaida inavyokwenda polepole, na ndivyo ubao wa dakika unavyozidi kumshawishi anayefuata naye alipe.

Kwa mlaji, funzo ni kwamba namba inayoonyeshwa kwenye ubao si kipimo cha umaarufu wa mchezo pekee. Ni matokeo pia ya mgawanyo wa viti ambao mgeni hauoni.

Muda uliookolewa huenda wapi?

Hapa ndipo kiini cha somo. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya kawaida hawezi kununua chochote. Mikono yake imeshika watoto, na akitoka atapoteza nafasi. Mtu mwenye namba ya kurudi saa tisa alasiri, na sasa ni saa saba na nusu, ana saa moja na nusu ya kutembea. Bustani imepangwa kwa ajili ya matembezi hayo. Duka la zawadi liko pale mchezo unapotokea. Kibanda cha vinywaji kiko penye kivuli. Picha uliyopigwa ukipiga kelele kwenye mteremko inakusubiri kwenye kioo.

David Maister, mtaalamu wa uendeshaji wa huduma, aliandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya foleni, akaeleza kwamba muda usio na shughuli huhisiwa kuwa mrefu kuliko muda wenye shughuli. Foleni pepe huujaza muda huo kwa shughuli, na kweli mgeni hufurahi zaidi. Lakini shughuli iliyo karibu zaidi naye ni kununua.

Jambo la pili ni namna ya kulipa. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha matokeo ya jaribio la mnada, ambamo walioambiwa watalipa kwa kadi walitoa dau kubwa kuliko walioambiwa watalipa kwa fedha taslimu, kwa kitu kilekile. Bangili inayogusishwa kwenye kifaa iko mbali zaidi na noti kuliko hata kadi. Hakuna pochi inayofunguliwa, wala chenji ya kuhesabiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nayo bangili ni mali isiyo na daftari mkononi mwa mwenye mali. Daftari lipo kwa muuzaji.

Kwa hiyo gharama ya foleni pepe ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni bei ya kujiunga, nayo huandikwa. Sehemu ya pili ni matumizi ya ule muda ulioachwa wazi, nayo haiandikwi popote. Hata foleni pepe ya bure ina sehemu hii ya pili. Mlaji anayehesabu sehemu ya kwanza peke yake amehesabu nusu.

Mfano wa hesabu: familia ya watu watano

Namba zifuatazo ni za mfano, zimewekwa duara ili zifuatike. Msomaji aweke bei halisi za bustani anayokwenda. Familia ina wazazi wawili na watoto watatu, na inakwenda kwa siku moja.

Kiingilio, dola 100 kwa kila mtu: dola 500
Maegesho ya gari: dola 30
Foleni ya haraka, dola 20 kwa kila mtu: dola 100
Chakula cha mchana, dola 15 kwa kila mtu: dola 75
Maji na vitafunio mara tatu, dola 5 kwa kila mtu kila mara: dola 75
Picha na zawadi za watoto, dola 20 kwa kila mtoto: dola 60
Jumla: dola 840

Nchini Marekani bei inayoonyeshwa kwa kawaida haijumuishi kodi ya mauzo. Katika wilaya ya Orange, Florida, kodi hiyo ni asilimia 6.5. Tukiiweka juu ya jumla yote tunapata dola 54.60 zaidi, na siku inagharimu dola 894.60. Kwa maneno mengine, kila dola 100 za kiingilio zimevuta nyuma yake dola nyingine 79 hivi. Anayelipa kwa kadi ya benki ya nyumbani aongeze pia makato ya kubadilisha fedha, ambayo hutofautiana kati ya benki na benki.

Sasa familia hiyohiyo ifanye mabadiliko matatu. Ibebe maji na vitafunio kutoka nyumbani. Ifike kabla ya lango kufunguliwa, ipande mchezo inaoupenda zaidi kwanza, na isinunue foleni ya haraka. Iwape watoto kiasi maalumu cha dola 10 kila mmoja kwa zawadi, wachague wenyewe. Jumla kabla ya kodi inashuka kutoka dola 840 hadi 635. Dola 205 zimebaki mfukoni, na hakuna mtoto aliyenyimwa siku yake.

Lini inafaa kulipia foleni ya haraka?

Hatusemi kwamba kulipia ni upumbavu. Kuna wakati kunafaa. Mlaji ajiulize maswali manne kabla ya kubonyeza kitufe.

Swali la kwanza: nitaokoa saa ngapi kweli? Gawanya bei kwa saa. Ikiwa tiketi ni dola 20 kwa mtu, na inaokoa saa mbili, umelipa dola 10 kwa saa. Ikiwa inaokoa nusu saa, kwa sababu siku hiyo watu ni wachache, umelipa dola 40 kwa saa.

Swali la pili: saa hizo nitazifanyia nini? Ukizitumia kupanda michezo mingine, umenunua burudani. Ukizitumia dukani, umelipa ili upate nafasi ya kulipa tena.

Swali la tatu: je, wote tunaweza kupanda? Michezo mingi ina kipimo cha urefu. Rise of the Resistance, kwa mfano, inahitaji sentimita 102. Kumlipia foleni mtoto asiyeruhusiwa kupanda ni hasara tupu. Mpime mtoto nyumbani, akiwa amevaa viatu vya kawaida, kisha soma orodha ya michezo.

Swali la nne: nina siku ngapi? Mwenye siku moja tu, aliyetoka mbali, na aliyekwenda katika msimu wa watu wengi, ana sababu nzuri ya kulipa kuliko aliye na siku tatu. Mwenye siku tatu akinunua kila siku, kwa dola 20, kwa watu watano, atakuwa ametumia dola 300 kwa ajili ya kusubiri pekee.

Njia za bure ambazo wengi huzipita

Kabla ya kulipa, mlaji aulizie huduma hizi, kwani hazitangazwi kwa sauti kubwa kama zile za kuuzwa.

Kubadilishana zamu. Katika bustani za Disney na Universal, wazazi wenye mtoto mdogo asiyeweza kupanda huruhusiwa kupokezana: mmoja hukaa na mtoto, kisha hupanda bila kuanza foleni upya.

Mstari wa mgeni mmoja mmoja. Baadhi ya michezo ina mstari wa wanaokubali kutenganishwa ili kujaza viti vilivyobaki. Huenda haraka, lakini haufai kwa watoto wadogo.

Huduma kwa wenye ulemavu. Bustani za Disney za Marekani zina utaratibu wa bure kwa mgeni asiyeweza kustahimili foleni ya kawaida kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji, kama vile usonji. Masharti yake yalikazwa mwaka 2024, na maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video. Mzazi asingoje kufika langoni ndipo aulize.

Chakula na maji. Bustani hizo za Marekani huruhusu wageni kuingia na chakula na maji yao, mradi si pombe wala vyombo vya kioo, na vibanda vyake vya chakula hutoa maji ya kunywa bure kwa anayeomba. Bustani nyingine zina masharti makali zaidi, hivyo soma kanuni za ile unayokwenda.

Sheria inasema nini?

Serikali kadhaa zimechukua hatua dhidi ya bei inayoongezeka kidogo kidogo. Jimbo la California lina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inayotaka bei inayotangazwa ijumuishe ada zote za lazima, isipokuwa kodi. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2024 ambayo sehemu yake ya kulinda walaji ilianza kutumika Aprili 2025, inataka bei ijumuishe ada zote za lazima.

Neno la kulizingatia ni “lazima”. Foleni ya haraka inahesabiwa kuwa ya hiari, kwa hiyo muuzaji halazimiki kuijumuisha katika bei ya mlangoni. Sheria itamlinda mlaji dhidi ya ada iliyofichwa, lakini haitamlinda dhidi ya ada iliyo wazi ambayo ameikubali kwa uchovu. Kinga ya hapo ni mpango wake mwenyewe.

Zaidi ya hayo, asome masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kununua. Tiketi za foleni aghalabu hazirudishwi fedha, na mchezo ukiharibika mgeni hupewa nafasi katika mchezo mwingine badala ya fedha zake.

Mambo ya kufanya kabla ya safari

1. Andika jedwali la gharama kama lile la hapo juu, kwa bei halisi na kwa sarafu ya nyumbani.
2. Amueni pamoja, watoto wakiwapo, kama mtanunua foleni ya haraka au la. Uamuzi ukishafanyika nyumbani, usibadilishwe bustanini.
3. Tengeni kiasi cha mwisho cha matumizi ya ndani. Kikiwezekana kiwe fedha taslimu, au kadi ya malipo ya kabla iliyowekewa kiasi hicho tu.
4. Kama mtapewa bangili inayolipa, ombeni malipo yazimwe kwenye bangili za watoto, au wekeni namba ya siri ambayo hawaijui.
5. Pakueni programu ya bustani kabla ya kuondoka, mjaribu kuingia, na mbebe chaji ya ziada. Ulizeni kuhusu bando la simu ughaibuni, kwani gharama zake zaweza kuzidi bei ya foleni yenyewe.
6. Kila baada ya saa tatu, mtu mmoja asome jumla ya matumizi kwa sauti.
7. Tunzeni risiti zote, za karatasi na za kwenye simu, mpaka taarifa ya benki itakapofika na kulinganishwa nazo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya foleni pepe ya bure na foleni ya kulipia. Ni gharama gani inayopatikana katika zote mbili?
2. Mchezo unabeba watu 1,000 kwa saa, na viti 600 vimetengwa kwa waliolipa. Mbele yako katika foleni ya kawaida wako watu 800. Utasubiri kwa muda gani? Kama viti vyote vingekuwa vya foleni hiyo, ungesubiri kwa muda gani?
3. Tiketi ya haraka ni dola 25 kwa mtu, nayo inaokoa saa moja na robo. Umelipa dola ngapi kwa saa? Je, kwa familia yako, saa hiyo ina thamani hiyo?
4. Chukua jedwali la familia ya watu watano. Ondoa matumizi mawili ambayo familia yako isingeyahitaji, kisha tafuta jumla mpya pamoja na kodi ya asilimia 6.5.

Majibu ya swali la pili: saa mbili, dakika 48. Jibu la swali la tatu, sehemu ya kwanza: dola 20 kwa saa. Sehemu ya pili ya swali hilo, na swali la nne, hujibiwa na kila familia kwa nafsi yake.